Ubavu wa Mpira Mweupe

23 Machi

Idd imepita, na wateja wangu wamepita nayo. Juzi hapa walikuwa wamenisimamia kichwani, kila mmoja anaapa kanzu yake ndiyo iliyotangulia. Leo mguu uko juu ya pedali ya cherehani na hauna cha kukanyagia. Fundi asiye na nguo ana kazi mbili tu, kusengenya au kutazama. Wa kusengenya naye amezuiwa na mvua. Nikatazama.

Meza ya pool iko mkono wangu wa kulia, chini ya turubai lilelile linalonifunika mimi. Nimekaa kando yake miaka bila kuiangalia, kama mtu asivyoangalia ukuta wa chumba anacholala. Leo Haruna, mkata vioo wa mtaani kwetu, ameupiga ule mpira mweupe, ambao wachezaji wanauita nyeupe tu kama jina la mtu. Nyeupe ikaenda moja kwa moja mpaka ukingo wa mbali. Badala ya kurudi ilikotoka kama kitu chenye adabu, ikakata kulia, ikapita nyuma ya mipira miwili, ikaugusa wa tatu mgongoni na kuusukuma shimoni.

Nilikuwa na sindano mdomoni. Ni bahati sikuimeza.

"Imegonga kijiwe?" nikamuuliza.

"Kijiwe gani?"

"Mbona imepinda?"

"Haijapinda, Mwanne. Nimeituma."

24 Machi

Mvua. Zipu moja ya suruali, tena ya mtu mkorofi.

26 Machi

Niiandike habari ya meza hii, maana nikiisimulia kwa mdomo watu husema natunga.

Meza ni ya mitaa miwili, wa kwetu na wa ng'ambo ya barabara ya Msimbazi. Waliichangia fedha na kuinunua baa moja ilipofungwa, na kwa kuwa hakuna aliyevumilia kuiona inalala kwa mwenzake, wakaweka utaratibu. Kila masika yakiisha, mitaa inacheza. Atakayeshinda anaibeba meza pamoja na turubai lake, na inakaa kwake mpaka masika mengine. Kila mtaa unatoa mkono mmoja, yaani mchezaji mmoja, na unaruhusiwa kubadili mkono mara moja tu, hata katikati ya mchezo. Mkono wetu ni Haruna. Tangu aanze kuicheza, meza haijavuka barabara.

Mimi linalonihusu ni turubai. Nimeliganda kama kupe. Yasser, mwenye duka na mwenye baraza, ananiacha nikae kwa sababu wachezaji wanakunywa soda zake, na wakiinama vibaya wakachanika, wanashonewa papo hapo. Leo amekuja anasugua ndevu, dalili kwamba ana neno.

"Dada Mwanne, mwaka huu meza ikihama, baraza nawapa watu wa makava ya simu. Wameshakuja kuulizia."

"Na mimi?"

"Sasa wewe utashonea juani?"

Hakusema kwa ubaya. Yasser hasemi kitu kwa ubaya, ndiyo maana kinauma.

29 Machi

Nimemchunguza Haruna siku nzima. Watu wote wanatazama mpira unakokwenda. Mimi nimetazama unakotoka, na nimegundua hapigi katikati.

Nikikitazama kile kichwa cheupe cha mpira nakiona kama kifungo cha matundu manne: tundu la juu, la chini, la kulia, la kushoto. Wengine wote wanapiga katikati ya kifungo, pale ambapo hakuna tundu. Haruna anachagua tundu. Akitaka irudi kwa kukata kulia, anapiga la kulia. Ubavuni.

Nikamwambia nilichoona. Akacheka.

"Hiyo haifundishwi, dada. Mtu anazaliwa nayo."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Hata kutunga uzi sindanoni watu walikuwa wakiniambia hivyohivyo, na wengi wao leo nawashonea.

2 Aprili

Nimefunga mkataba na Theophil. Ndiye mwangalizi wa meza, mtu wa Mbinga, mpole, mwenye mgongo ulioharibiwa na viroba vya soko la Kariakoo. Mimi namtengenezea suruali zake, yeye ananifungulia meza asubuhi kabla watu hawajafika.

"Unataka kucheza wewe?" akaniuliza. Hakushangaa sana. Theophil huwa anashangaa polepole.

"Nataka kujua tu."

"Kujua ndiyo huko huko kucheza."

Asubuhi ya kwanza chaki ya fimbo ya kupigia mipira ilikuwa imelowa, imekuwa uji. Nikajiambia chaki ni chaki, nikatoa yangu ya kuchorea nguo, nikaipaka kwenye ncha ya fimbo mpaka ikawa nyeupe kama imevaa kofia. Nikalenga tundu la kulia. Fimbo ikateleza kama imekanyaga ganda la ndizi, mpira ukaruka nje ya meza, ukaingia katikati ya makreti ya soda ya Yasser.

Theophil alishika mgongo wake, akakaa chini, akacheka bila sauti kwa muda mrefu. Nilipokaa nikaelewa. Chaki ya fundi imetengenezwa ipite juu ya kitambaa bila kukishika. Chaki ya fimbo kazi yake ni kushika. Zinafanana sura, tabia mbalimbali, kama mashemeji zangu.

3 Aprili

Mvua. Soda moja ya Yasser imevuja gesi, anashuku panya.

8 Aprili

Leo nimeona kitu, na sijui nimsimulie nani.

Nilichukua ile chaki iliyonitia aibu, nikachora mstari kwenye nyeupe kutoka juu mpaka chini, kama ninavyochora mgongo wa gauni. Nikaiweka mezani mstari ukiwa unanitazama. Kwanza nikapiga katikati. Mstari ukabiringika kwenda mbele, juu chini, juu chini, kama gurudumu la mkokoteni. Sawa. Hilo hata mtoto analijua.

Halafu nikapaka fimbo chaki yake halali, nikapiga tundu la kulia, polepole.

Mstari ukazunguka kwa pembeni, kama pia ya mtoto. Mpira ulikuwa unakwenda mbele na wakati huohuo unajizungukia, safari mbili ndani ya kitu kimoja, na wala hazikuulizana. Njia nzima nyeupe ilinyooka. Mtu asiyejua angeapa kwamba ni mpira wa kawaida, hauna lolote moyoni. Ikafika ukingoni. Hapo ndipo siri ikatoka: ukingo uliushika ule mzunguko, ukaukata ukaupeleka kulia, taratibu, kama mtu aliyeshikwa kiwiko na kuonyeshwa mlango.

Nilipiga tena. Na tena. Kila mara nilijua kitakachotokea, na kila mara nywele zilinisimama.

Nafikiria watu wote ninaowaona wananyooka barabarani asubuhi, wamebeba maboksi, na sijui nani kati yao alipigwa ubavuni akiwa bado nyumbani. Utamjua atakapofika ukingoni.

"Dada, unalia?" Theophil akaniuliza.

"Chaki imeniingia jichoni."

"Yote mawili?"

9 Aprili

Mvua.

10 Aprili

Mvua. Nimeshona sare za shule tatu. Nimezishona zikiwa zimenyooka, lakini mawazo yalikuwa yanakata kulia.

14 Aprili

Jangwani kumejaa maji. Barabara imefungwa, na waliolala upande wa Magomeni wamebaki hukohuko, Haruna akiwa mmoja wao. Theophil anatokea huku huku, akafika na suruali imelowa mpaka magotini. Hakuna mchezaji, hakuna mteja. Nimeshika fimbo kutwa.

Nimejifunza hila ya mpira. Ukiupiga ubavu wa kulia, kwanza unakwepa kidogo kushoto, ndipo uende zake. Nilikuwa nakosa kila ninachokilenga, nikawa nalaumu fimbo, kisha meza, kisha macho. Kumbe mpira ni kama mteja wa Kariakoo. Ukimtajia bei anageuka anajifanya anaondoka, na wewe ukiwa mgeni unaamini. Ukiwa mwenyeji unalenga pale atakaposimama.

Kwa hiyo sasa silengi mpira ulipo. Nalenga nikiwa nimeshahesabu na kukwepa kwake. Jioni nilipiga mara nyingi mfululizo bila kukosa, na hakukuwa na mtu wa kuona isipokuwa Theophil, ambaye alikuwa amelala.

19 Aprili

Mtaa wa pili wamemleta mkono wao aje kupeleleza. Anaitwa Goodluck, anauza spea za pikipiki, kijana mwenye mabega na mdomo. Anapiga kila kitu kwa nguvu, hata salamu.

"Mambo, braza Haruna! Meza inakula vizuri? Msiinyime, kwetu tunaipenda ikiwa na afya."

"Poa. Kwenu mna nafasi ya kuweka meza, au mtaining'iniza?"

"Bi Zulekha ameshafagia barazani kwake, itakaa hapo." Akanigeukia. "Shikamoo, anti."

"Marahaba."

"Na wewe unacheza? Nimeambiwa."

Nikamtazama Theophil. Theophil akatazama mvua.

"Mimi nashona," nikasema. "Na hiyo suruali yako imefumuka nyuma."

Haikuwa imefumuka. Lakini alicheza na Haruna michezo miwili bila kuinama vizuri.

20 Aprili

Mvua. Haruna hajanisemesha.

27 Aprili

Nilidhani Haruna ni mchoyo. Nimekuwa nikiamini hivyo mwezi mzima na nilikuwa nimeshazoea, ni imani nzuri, inapasha mwili joto kwenye baridi ya masika.

Leo alikuja alfajiri, kabla ya kazi, akanikuta nimeinama mezani. Akasimama upande wa pili, maji yanamchuruzika, akanitazama nikipiga. Nikalenga tundu la kushoto, nyeupe ikaenda ukingoni, ikakata, ikasimama karibu kabisa na nilipotaka.

"Nani kakuonyesha?"

"Wewe. Nilikuwa nakutazama."

Akachukua fimbo, akapiga mpira uleule. Akakosa. Akapiga tena, akakosa. Sijawahi kumuona Haruna anakosa mara mbili.

"Umeona?" akasema kwa sauti ya chini. "Ukiniambia nikufundishe, naanza kufikiri mkono unafanyaje. Nikifikiri, inapotea. Mimi sijui nafanyaje, Mwanne. Naogopa siku moja nitaamka isiwepo."

Kumbe na yeye anastaajabu kama mimi. Tofauti ni kwamba kwake maajabu yako ndani ya mkono wake mwenyewe, na hakuna mahali pa kusimama akayatazama.

Sikumuuliza tena. Nilimmiminia chai.

3 Mei

Mvua.

6 Mei

Mvua. Theophil anasema mwaka huu masika yamekosa aibu.

11 Mei

Kitambaa cha meza kimekunywa maji ya hewa wiki zote hizi. Kimekuwa kizito, mpira unatambaa juu yake kama unavuka tope. Ukipiga ubavu kwa upole, mzunguko unafia njiani kabla ya kufika ukingoni. Haruna anapiga kwa nguvu zaidi na zaidi, na mkono wake umeshazoea, anapata anachotaka. Mimi pia nimezoea. Wote tumejifunza kwenye tope, na tumesahau kwamba ni tope.

Mimi kitambaa kikilowa najua pa kukipeleka. Wazo limenijia, nimelitunza.

16 Mei

Idd ya kuchinja iko karibu, nguo zimeanza kuja. Nashona mchana, nacheza alfajiri. Yasser ameuliza kwa nini kanzu yake ina mshono uliopinda. Nikamwambia ndiyo fasheni.

22 Mei

Jua! Siku nzima, kutoka asubuhi. Watu wametembea barabarani wamefumba jicho moja.

Mchezo ni Jumapili.

Mchana amekuja Bi Zulekha kutoka ng'ambo, mwenye duka la ndoo na mabeseni, ambaye meza ikihamia kwao inawekwa barazani kwake. Mama mnene, mcheshi, anatembea kama barabara ameijenga yeye.

"Shikamoo, Bi Zulekha."

"Marahaba, mwanangu. Hebu niazime futi yako."

Nikampa, nikidhani anataka kupima kitambaa. Akaenda kwenye meza, akaipima urefu, akaipima upana, akasimama anahesabu kwa vidole.

"Itaingia," akasema. Akanirudishia futi yangu. "Ahsante sana. Una mikono mizuri, nguo zako nimeziona. Pole."

Neno hilo la mwisho limenikaa masikioni mpaka sasa.

24 Mei

Niandike yote, hata yasiyonipendeza.

Niliamka mapema kuliko muadhini, nikafika barazani, nikawasha mkaa kwenye pasi. Theophil alikuwa ameshafungua. Nikamwambia, "Leo kuna wageni. Nguo ya sherehe haivaliwi na makunyanzi." Nikaweka kitambaa cha pamba juu ya kile cha kijani, kwa sababu sufu haipigwi pasi uchi, nikaanza upande wa juu, taratibu, nikifuata manyoya yanakolalia. Mvuke ukapanda. Masika yote yalikuwa yanatoka mle. Theophil alisimama na ndoo ya maji, tayari kwa cheche, ameishika kama mtu anayebatiza.

Nilipomaliza, meza ilikuwa ya kijani ambayo sikuwahi kuijua. Nikaweka nyeupe, nikapiga ubavuni kwa nguvu zangu za siku zote. Haikutambaa. Iliondoka. Ikagonga ukingo, ikakata kwa upana ambao sikuutuma, ikagonga wa pili, ikawa inaelekea mwingine, nikaidaka kwa mkono kwa woga kama mtu anayedaka glasi.

Hapo moyo ukaniambia: Mwanne, umefanya nini?

Haruna alipofika nilimkimbilia.

"Haruna, nimekipiga pasi kitambaa. Kimekuwa chepesi. Punguza mkono, nusu yake inatosha."

"Umepiga pasi meza?"

"Ilikuwa imelowa."

"Mwanne." Akavuta pumzi. "Wewe piga pasi suruali. Fimbo niachie mimi."

Watu walijaa mpaka katikati ya barabara, wapagazi wakatua mizigo, mwenye mkokoteni wa maji akaugeuza kiti. Michezo ni mitatu, anayeshinda miwili anachukua meza.

Wa kwanza ulikuwa msiba. Haruna alipiga kama alivyopiga masika yote, na nyeupe ikamkimbia kama haimjui. Aliyoituma kulia ilikwenda kulia ya majirani. Goodluck naye alikuwa anarusha tu, lakini mtu anayerusha hapotezi kitu meza ikiwa nyepesi, mipira inazunguka mpaka inaona shimo lenyewe. Akashinda. Ng'ambo wakapiga mabeseni ya Bi Zulekha kama ngoma.

Wa pili Goodluck aliingiza nyeusi, mpira unaotakiwa kuingia wa mwisho, kabla ya wakati wake, na hiyo kwa sheria ni kushindwa. Ukawa wetu. Hatukushangilia sana. Tulijua tumeokota.

Wa tatu, Haruna akajikaza. Nilimwona anajaribu kupunguza mkono, na nilimwona anafikiri. Akaimaliza mipira yake kwa taabu, jasho linamdondoka puani, ikabaki nyeusi peke yake. Goodluck alikuwa na mpira mmoja na nyeusi, akaukosa. Zamu yetu.

Nyeusi ilikuwa imelala karibu na shimo la pembeni. Kuiingiza ilikuwa kazi ya mtoto. Tatizo lilikuwa nyeupe. Kutoka pale ilipokuwa, ikishaigusa nyeusi ingeenda ukingoni na kurudi moja kwa moja kwenye shimo la kona, na nyeupe ikizama pamoja na nyeusi umepoteza mchezo. Dawa ni moja tu: ubavu wa kulia, ili ukingo uikate na kuipitisha mbali na kona.

Haruna akainama. Akanyanyuka. Akainama. Akanyanyuka tena, akanitafuta kwa macho katikati ya watu.

"Nabadili mkono," akasema.

Kelele zikazima.

"Meza umeifua wewe," akaniambia na kunisukumia fimbo. "Icheze wewe."

Goodluck akacheka. "Anti? Jamani, huyu si anashona?"

"Na wewe unauza spea," akajibu Bi Zulekha, mtu wa upande wake mwenyewe. "Muache apige."

Nikapaka chaki. Chaki halali. Nikamwona Yasser mlangoni kwake, na nyuma yake kijana mmoja ameshika sampuli za makava ya simu, jambo ambalo lingeweza kusubiri hata Jumatatu. Nikakiona kifungo changu chenye matundu manne. Nikachagua la kulia. Nikakumbuka mteja anayejifanya anaondoka, nikalenga atakaposimama. Nikapunguza mkono nusu.

Nikapiga.

Nyeusi ikaingia kama inaingia kwao. Nyeupe ikaenda ukingoni, ukingo ukaishika, ikakata kulia, ikapita kona kwa upana wa kidole. Ikapita! Mtaa wetu ukalipuka, Theophil akarusha ndoo, mtu ambaye simjui akanikumbatia na kapu lake la dagaa.

Lakini nyeupe ilikuwa bado inatembea.

Kwenye tope ingeshakufa. Mimi nilikuwa nimepima ukingo mmoja, maana masika yote haikuwahi kuvuka huo. Ikagonga wa pili, na ule mzunguko bado ulikuwa hai ndani yake. Ikagonga wa tatu. Kelele zikaanza kupungua upande mmoja baada ya mwingine, kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Ilikuwa inakwenda polepole sasa, nzuri, nyeupe, inajizungukia, imeuzunguka uwanja wote kama bibi harusi anayeonyeshwa kwa wageni. Ikafika shimo la kona ya mbali, ile ambayo hakuna aliyekuwa anaiwaza. Ikasita mdomoni.

Ikazama.

Halafu akaanza Goodluck, yeye wa kwanza, kupiga makofi. "Mnaona? Mmeiona ile?" Akapokewa na ng'ambo, kisha na watu wetu, walioshindwa. Tulikuwa tumepoteza meza na tunapigia makofi.

Haruna alinisogelea. Nilitaka kumwomba radhi.

"Kimya kwanza," akasema, macho bado yako shimoni. "Acha niikumbuke."

25 Mei

Wameibeba. Wanaume wanane na Theophil anaongoza nyuma, anawaambia wasiziguse kingo. Turubai wakalikunja mwisho. Jua likaniangukia utosini kama mtu aliyekuwa anasubiri zamu yake.

Yasser ameniletea mwavuli. Ni mwema kweli. Makava yanaingia Ijumaa.

26 Mei

Usiku imenyesha, mabaki ya masika. Nimeshonea chini ya mwavuli, mkono mmoja mwavuli, mkono mmoja kanzu. Jaribu uone.

Watu wa Idd wanazitaka nguo zao kesho.

28 Mei

Idd njema kwa wote. Sikuiona vizuri, nilikuwa nafungasha. Cherehani inakwenda chumbani kwangu, nyuma ya mlango, mahali ambapo mteja hawezi kuifikia bila kukanyaga kitanda.

Nilikuwa nafunga pasi kwenye gunia alipotokea Bi Zulekha, Goodluck nyuma yake, wote wamenuna.

"Mwanangu, nina malalamiko."

"Shikamoo, Bi Zulekha. Kwanza karibu."

"Marahaba. Ile meza niliyoshinda siyo niliyoletewa."

"Ni ileile, Bi Zulekha. Mmeibeba wenyewe."

"Sema wewe," akamwambia Goodluck.

"Anti, imekufa," akasema Goodluck. Ule mdomo wote ulikuwa umemwisha. "Juzi ikanyeshewa, basi. Tunapiga, mpira unatambaa. Jumapili ulikuwa unakwenda, unageuka, unakwenda tena. Vijana wamekuja kwa ajili ya ile. Sasa wanasema tumewatapeli."

"Imelowa," nikasema. "Inataka pasi."

"Nilimwambia binti yangu Arwa apige," akasema Bi Zulekha. "Theophil akasimama mbele ya meza na ndoo. Kagoma. Anasema pasi ya meza ina mwenyewe."

Nilijifanya natafuta kamba ya gunia, kwa muda mrefu kuliko kamba ilivyohitaji.

"Mimi naondoka," nikasema. "Sina baraza."

Bi Zulekha akalitazama gunia, akaitazama cherehani, akanitazama mimi. Mfanyabiashara wa Kariakoo akikutazama hivyo ujue bei imeshapangwa.

"Turubai ni kubwa," akasema. "Goodluck, beba cherehani. Usirushe!"

30 Mei

Naandika nikiwa ng'ambo. Kutoka huku nauona mtaa wangu wa zamani kama nautazama kwa mara ya kwanza. Pale nilipokaa kumesimama ukuta wa makava ya rangi zote, na Yasser amekaa mbele yake, ananipungia mkono kila nikiinua kichwa. Saa ya mchana Haruna alivuka barabara na fimbo yake begani, hasalimii mtu.

"Umehama na meza," akaniambia.

"Meza ndiyo imehama na mimi."

"Masika yajayo nairudisha."

"Rudisha. Nitakuja nayo."

Alfajiri, kabla watu hawajaamka, nilipiga pasi. Theophil alishika ndoo. Nikaipanga nyeusi pale ilipokuwa siku ile, na nyeupe pale ilipokuwa. Nikachagua tundu la kulia, nikapunguza mkono, safari hii nikipima kingo zote tatu. Nyeusi ikaingia. Nyeupe ikakata, ikapita kona, ikagonga wa pili, ikagonga wa tatu, ikaelekea shimo lilelile la mbali.

Ikasimama mdomoni.

Ikasimama, lakini haikutulia. Haiendi popote, na bado inajizungukia palepale, kimya, imenyooka wima ukingoni mwa shimo, kama ina neno moja tena ambalo haijalisema. Kwenye tope hutaliona hili hata ukae masika mia.

"Mbona haiishi?" Theophil akanong'ona.

Wote wawili tuliinama, mikono magotini, tukaitazama mpaka mkaa ukapoa.